Swichi Iliyokuwa Ikikatika

Dobi alichemsha maji kwenye sufuria kubwa. Akayachanganya na maji ya baridi ndani ya beseni, akafunga mlango wa jikoni, akaoga. Kisha alimwamsha binti yake, naye akaoga hapo hapo jikoni. Walipomaliza walipiga deki, wakaketi kunywa chai.

Nyumba yao ilikuwa na bafu. Tena lilikuwa bafu zuri, lenye vigae vyeupe na hita ya kuchemshia maji ukutani. Lakini kwa miezi minane hakuna mtu aliyeoga humo. Humo ndimo alimofia mume wa Dobi.

Jina la Dobi alilipata kazini. Alikuwa akifua mashuka ya hospitali kwa miaka kumi na tisa. Mume wake alikuwa seremala, mtu mpole na mpenda utani. Asubuhi moja aliingia bafuni huku akipiga mluzi. Ghafla mluzi ukakatika. Dobi alimkuta sakafuni, maji bado yanamwagika. Hospitalini walisema moyo umesimama. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na saba, na hakuwahi kulalamika hata maumivu ya kichwa. Watu wakanong'ona kwamba amerogwa. Baadaye wakachoka kunong'ona, wakaendelea na mambo yao.

Sasa Dobi alitaka kuuza nyumba. Kila akipita mbele ya mlango wa bafu, aligeuza uso. Alitaka kuhamia karibu na dada yake, aanze upya na binti yake, ambaye alikuwa na miaka kumi na sita.

Mnunuzi alipatikana. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwenye watoto wawili wadogo na wa tatu tumboni. Alizunguka nyumba nzima, akasimama bafuni muda mrefu kuliko mahali pengine pote.

"Hapa wanangu wataoga mpaka niwatoe kwa nguvu," alisema, akacheka.

Dobi alijaribu kutabasamu.

"Nimeipenda, mama," mwalimu akaendelea. "Lakini sisaini kitu kabla ya ukaguzi. Jumamosi ya wiki ijayo nitakuja na mkaguzi wa majengo. Naomba mtuandalie nyumba."

Jioni hiyo Dobi alimpigia simu shemeji yake, mdogo wa marehemu. Mtaani walimwita Mjuzi, nusu kwa sifa na nusu kwa kejeli. Mjuzi alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, na hakukuwa na kitu asichokijua. Bomba likivuja, aliitwa yeye. Redio ikinyamaza, aliitwa yeye. Hakuwa amesomea lolote kati ya hayo, lakini alikuwa na mkono mwepesi na hakudai malipo. Nyumba ile waliijenga pamoja, yeye na kaka yake.

Kesho yake alifika na ndoo mbili za rangi.

"Shemeji, usihangaike," alisema. "Mkaguzi ni mtu wa macho. Ukiyafurahisha macho yake, umemaliza kazi."

"Tuanze wapi?"

"Lile doa la unyevu chumbani, tunalipaka rangi. Ufa wa sebuleni, tunausogezea kabati. Pale jikoni chini ya sinki panapodondoka maji, weka kitambaa kikavu asubuhi ile ile ya ukaguzi."

"Na akisogeza kabati?"

"Ameajiriwa kukagua, hakuajiriwa kubeba mizigo," Mjuzi alijibu. Binti akacheka. Hata Dobi alicheka kidogo. Ilikuwa muda mrefu tangu kicheko kisikike ndani ya nyumba ile.

Walipaka rangi siku mbili. Doa likapotea. Kabati likaficha ufa. Ikabaki taa ya ukumbini, ambayo haikuwaka hata baada ya kubadilishiwa balbu. Siku hiyo Mjuzi alikuwa dukani, kwa hiyo Dobi alivuka barabara kwenda kwa jirani.

Jirani huyo alikuwa fundi umeme mwenye leseni. Alikuwa mama wa makamo, mfupi, asiyependa maneno mengi. Watoto wa mtaa walimwita Mama Waya, na yeye aliitika bila kukasirika. Alikuja na mkoba wake, akapanda kwenye kiti, akaitazama taa. Kisha akachungulia chumbani, akanusa rangi mpya.

"Mnauza?" aliuliza.

"Ndiyo. Mkaguzi anakuja Jumamosi."

"Na lile kabati la sebuleni, nyuma yake kuna nini?"

Dobi alimweleza kuhusu ufa, doa la unyevu na bomba la sinki.

Mama Waya alishuka kwenye kiti. "Nisikilize, jirani. Mkaguzi hodari hatazami rangi. Anatazama kilicho nyuma yake. Akikuta kabati limebanwa ukutani, atauliza kwa nini. Akikuta rangi mbichi mahali pamoja, ataweka kidole. Ukimficha kitu kimoja, atadhani umemficha kumi."

"Sasa nifanye nini?"

"Fanya kinyume chake. Usifunike, funua. Toa vitu vilivyobanana ukutani. Hakikisha funguo za vyumba vyote zipo. Acha nafasi ya kuweka ngazi ili apande darini. Toa majani kwenye mifereji ya paa. Doa lako la unyevu nadhani linaanzia hapo; maji ya mvua yanakosa njia, yanaingia ukutani. Mfereji ukisafishwa, ukuta utakauka. Bomba la sinki linataka kubadilishwa kipande kimoja tu. Usichoweza kutengeneza, kiandike kwenye karatasi, umpe mnunuzi mkononi."

"Nimwandikie ubaya wa nyumba yangu mwenyewe?"

"Ndiyo. Yeye atalala humo na watoto."

Dobi aliitikia polepole. Hakuwa amelifikiria hivyo.

"Na kila kitu cha umeme kiwashwe," Mama Waya akaongeza. "Mkaguzi atawasha taa zote, pasi, jiko, hita. Afadhali tuwashe sisi kwanza. Hita ya bafuni inafanya kazi?"

"Hatujaiwasha," Dobi alisema. "Tangu siku ile."

Mama Waya alijua siku ile ni ipi. Alikuwa miongoni mwa waliobeba maji msibani. Akasema kwa sauti ya chini, "Naweza kuingia peke yangu. Wewe kaa hapa."

Lakini Dobi alimfuata hadi mlangoni. Binti akasimama nyuma ya mama yake.

Mama Waya aliwasha swichi ya hita. Kitaa chekundu kikawaka. Alivaa glavu nene za mpira, akatoa bisibisi yake ya kupimia umeme, ile yenye taa ndogo kwenye mpini. Akaigusisha kwenye ganda la hita. Taa ndogo ikawaka. Akaigusisha kwenye bomba la maji, ambalo lilikuwa la chuma tupu. Taa ikawaka tena.

Alizima hita, akatoka, akaenda moja kwa moja kwenye boksi la umeme ukumbini, akazima swichi kuu. Friji likanyamaza. Nyumba nzima ikawa kimya.

"Bomba hili," aliuliza, "liliwahi kuwatekenya mkilishika?"

Binti ndiye aliyejibu. "Mara nyingi. Linachoma kama sindano ndogo ndogo. Baba alikuwa anasema bomba lina kisirani, lisemeshwe vizuri kabla ya kufunguliwa. Tulikuwa tunacheka."

"Lilianza lini?"

"Mwaka jana. Kabla ya..." Binti hakumaliza.

"Mlikuwa mnaoga na ndala?"

"Mimi na mama, ndiyo. Baba alikuwa anavua. Alisema mtu haogi na viatu."

Mama Waya aliketi juu ya mkoba wake wa kazi. Alivua glavu, kidole kimoja kimoja. Dobi alimtazama.

"Jirani," Dobi alisema, "niambie."

"Mimi si daktari. Sikuuona mwili wake kama daktari anavyouona. Siwezi kuapa alikufa kwa nini."

"Niambie unachokijua."

"Najua kwamba hita hii ni mbovu ndani. Umeme unavuja, unaingia kwenye maji na kwenye bomba. Mtu akishika bomba hilo hali amesimama peku kwenye maji, umeme unapita mwilini mwake kwenda ardhini. Unaweza kuusimamisha moyo wake."

"Walisema moyo ulisimama."

"Walisema kweli. Hawakusema kilichousimamisha."

Dobi aliegemea ukuta. Aliutazama mkono wake wa kulia. "Siku ile nililifunga bomba," alisema. "Nilipomkuta. Nilihisi ganzi kutoka vidoleni mpaka begani. Nilidhani ni hofu. Miezi yote hii nimedhani ilikuwa hofu."

Binti alianza kulia bila sauti. Mama yake alimvuta, akamshikilia. Mama Waya aliwaacha. Baada ya muda mrefu alisema, "Nyumba inatakiwa kuwa na kinga mbili dhidi ya jambo hili. Ya kwanza ni waya wa ardhi. Unatoka kwenye vifaa vyote, unakwenda nje, unafungwa kwenye fimbo ya shaba iliyozikwa. Umeme ukivuja unapita huko, haumpiti mtu. Ya pili ni swichi ya kinga ndani ya boksi. Hiyo ikiona umeme unavuja, inakata yenyewe, haraka kuliko kupepesa jicho. Nataka kuona kwa nini hapa zote mbili hazikufanya kazi."

Walitoka nje. Waya wa ardhi ulikuwa umekatwa, ncha yake ikining'inia ukutani. Mahali pa ile fimbo palikuwa na sakafu ya saruji, ambayo marehemu na mdogo wake waliimwaga miaka miwili iliyopita ili Dobi apate pa kuanikia nguo. Waliporudi ndani, Mama Waya alifungua boksi. Swichi ya kinga ilikuwepo, lakini nyaya zilikuwa zimechomolewa na kuunganishwa moja kwa moja, zikaruka swichi, zikafungwa kwa mkanda mweusi.

"Nani alifanya hivi?"

Wakati huo huo Mjuzi aliingia ukumbini, amebeba brashi mpya. Alikuwa akiimba. Aliona boksi liko wazi, akaacha kuimba.

"Umeme umekatika?" aliuliza.

"Nimeuzima mimi," Mama Waya alisema. "Hii swichi uliiruka wewe?"

"Ile? Ile ilikuwa mbovu. Ilikuwa inakatika kila saa. Mtu akioga, inakatika. Shemeji akipiga pasi hita ikiwa imewashwa, giza. Nikaitoa njiani. Toka hapo haikusumbua tena."

"Haikuwa mbovu. Hita ndiyo iliyokuwa mbovu. Swichi ilikuwa inakatika kwa sababu ilikuwa inafanya kazi yake."

Mjuzi alimtazama Dobi, kisha binti, ambaye macho yake yalikuwa mekundu. Akatazama mlango wa bafu. Mtu anaweza kujua mambo mengi kwa muda mrefu na asiyaelewe, kisha yakamjia yote pamoja. Brashi ilimponyoka. Alirudi nyuma mpaka akagusa ukuta, akateleza, akakaa chini.

"Hapana," alisema. "Kaka aliuawa na moyo. Walisema moyo."

Mama Waya aliinama, akaokota brashi.

Baadaye alisema, akiwa bado ameinamisha kichwa, "Tuifunge vizuri, shemeji. Tubadilishe hiyo hita, turudishe swichi, tuuze, mambo yaishe. Hakuna haja ya mtu mwingine kujua. Nakuomba."

Dobi alikuwa na haki ya kumfukuza. Maneno makali yalimjaa mdomoni. Lakini alikumbuka jambo, na lilikuwa jambo la kweli, hata kama hakulitaka.

"Ni mimi niliyekuita," alisema. "Nilikuwa na sare za binti za kupiga pasi, umeme ukakatika mara tatu. Nikakupigia simu nikasema, shemeji, njoo ututolee huyu mdudu ukutani. Nilikushukuru. Nilikupikia."

Mjuzi alilia kama mtoto.

Alipoondoka, hakuonekana kwa siku mbili. Duka lilibaki limefungwa na simu ilizimwa. Siku ya pili Dobi alianza kuogopa. Alimtuma binti kwa Mama Waya kumwomba aje kuanza kazi, yeye mwenyewe akaenda nyumbani kwa shemeji yake. Alimkuta amekaa kitandani na nguo zile zile zenye rangi.

"Amka," alimwambia. "Kuna kazi. Mama Waya anakuja na vijana wake wawili. Mimi sijui kutindua saruji, na ninyi ndio mlioimwaga."

"Unanitaka nyumbani kwako?"

"Sijui ninachotaka, shemeji. Najua sakafu inatakiwa kuvunjwa kabla ya Jumamosi."

Aliamka. Aliivunja sakafu ya saruji kwa nyundo tangu asubuhi mpaka alasiri, mikono ikatoka malengelenge. Hakugusa hata waya mmoja. Mama Waya alizika fimbo mpya ya shaba, akavuta waya wa ardhi mpya, akaweka swichi mpya ya kinga. Aling'oa hita ya zamani, akaipasua mbele yao. Ndani ilikuwa imeliwa na kutu. Soketi mbili zilizokuwa zimeungua kwa nyuma nazo zilibadilishwa. Taa ya ukumbini ilikuwa na waya uliolegea tu.

"Kwenye swichi hii kuna kitufe cha kujaribia," alimwonyesha binti. "Kibonyeze mara moja kila mwezi. Swichi ikikata, ni nzima. Isipokata, niite. Ikikata yenyewe, usiirudishe tu na kusahau. Kuna kitu kinavuja, kitafutwe. Na ukimwona mtu amenaswa na umeme, usimshike. Kimbilia swichi kuu kwanza."

Binti alikibonyeza. Swichi ikakata kwa mlio mfupi. Dobi alishtuka, akakaa chini.

Familia ilifanya yaliyobaki. Walisafisha mifereji, wakatoa ndoo tatu za majani yaliyooza. Walibadilisha kipande cha bomba chini ya sinki. Kabati likaondolewa kwenye ufa. Jioni ya Ijumaa Dobi aliandika karatasi, na binti akamsahihishia. Waliandika ufa wa sebuleni, doa lililofunikwa kwa rangi, na mlango wa nyuma unaokwama wakati wa mvua. Mwisho waliandika kuhusu bafu. Sentensi hiyo ilimchukua Dobi muda mrefu kuliko nyingine zote.

Jumamosi mkaguzi alifika, kijana mwenye ngazi na tochi. Alipanda darini, akachunguza nyuma ya milango, akapima kila soketi. Alibonyeza kitufe cha swichi, swichi ikakata. Alisoma cheti alichoandika Mama Waya, kisha karatasi ya Dobi, akairudia mara ya pili.

"Kazi ya umeme ni mpya na ni nzuri," alimwambia mwalimu. "Ufa huu ni wa lipu, hauendi ndani. Lakini kuna jambo kwenye karatasi hii, nafikiri wenyewe wakueleze."

Dobi alifungua mdomo, lakini Mjuzi alitangulia. Alisimama katikati ya sebule, akasema yote. Alisema kuhusu swichi, kuhusu saruji, kuhusu kaka yake. Hakujitetea. Sauti yake ilikatika mara mbili, akaendelea.

Mwalimu aliweka mkono tumboni, akaketi.

"Ningewaleta wanangu," alisema. "Siku ya kwanza tu ningewaogesha humo."

"Ndiyo," Dobi alisema.

"Mngeweza kunyamaza."

"Ndiyo, mwalimu."

Mwalimu hakusaini siku hiyo. Alisema anahitaji kufikiri, na Dobi alimwelewa. Alirudi Jumatano. Alisema nyumba nyingine tatu alizoziona zilikuwa zinang'aa, na hakujua lolote kuhusu hata moja kati yake. Hii angalau anaijua. Akasaini.

Wiki ya kuhama, Mjuzi alikuja na daftari la dukani. Alikuwa ameandika orodha.

"Ni nini hii?" Dobi aliuliza.

"Nyumba nilizowahi kushika umeme wake. Kumi na moja ninazozikumbuka. Nimeongea na Mama Waya, amekubali kuzipima. Lakini nimeenda mbili za kwanza, hawanisikilizi. Wananiambia, Mjuzi, tangu utengeneze hatujapata shida." Alikunja daftari. "Sina haki ya kukuomba, shemeji."

Dobi alivaa viatu vyake.

Waliongozana na Mama Waya. Zile nyumba mbili zilizomkatalia Mjuzi ziliwafungulia, na nyaya zilikuwa salama. Ya tatu ilikuwa ya kinyozi. Alisimama mlangoni, amejaza mlango.

"Umeme wangu uko sawa kabisa," alisema. "Kwanza nina watu wananisubiri kazini."

"Ndugu yangu," Dobi alisema, "mimi ni mjane wa yule seremala wa mtaa wa pili. Na wetu ulikuwa sawa kabisa." Akamweleza kwa maneno machache, akiwa amesimama juani. Kinyozi alimsikiliza, kisha akasogea pembeni.

Mama Waya alifungua boksi ukumbini. Nyaya zilikuwa zimeruka swichi ya kinga, zimefungwa kwa mkanda mweusi. Alizima swichi kuu papo hapo.

"Ni wewe uliyeifunga hivi?" kinyozi aliuliza.

"Ni mimi," Mjuzi alisema.

Mlango wa bafu ukafunguliwa. Msichana wa miaka minne hivi akatoka, peku, maji yakimchuruzika, povu la sabuni kichwani. Alikuwa amenuna.

"Baba, hita imezimika," alilalamika. "Maji yatapoa."

Kinyozi alimtazama mwanawe, akashindwa kusogea. Dobi alichukua taulo lililokuwa kwenye kiti. Alipiga magoti, akamfunika mtoto, akaanza kumkausha kichwa, taratibu, na mtoto akaendelea kulalamika.